Kila Kitu King'ae

Shemeji yangu alirudi kutoka semina akiwa ameokoka. Sisemi ameokoka kwa dini. Angeokoka kwa dini ningempongeza. Aliokokea mazingira. Aliondoka akiwa mtu wa kawaida, mvivu wa kawaida, mwenye kitambi cha kawaida, akarudi akitembea polepole kama mtu aliyebebeshwa trei ya mayai. Mkononi alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye picha ya jani. Ndani ya mfuko kulikuwa na chupa za plastiki za maji alizozikusanya hotelini, kwa sababu zilikuwa za bure.

Kabla sijaendelea, niwaeleze tulivyo. Tuna karakana ya kutengeneza rangi za nyumba. Aliianzisha baba yangu, Mungu amrehemu, na alipofariki ikabaki kwa mabinti wake wawili. Mimi, dada mkubwa, nilibaki nyuma kwenye matangi, kwa sababu ndiko nilikokulia. Mdogo wangu alikaa mbele ofisini, kwa sababu hapendi harufu. Alipoolewa akamleta mumewe, akamkalisha kwenye kiti cha baba. Mtu mwenyewe alikuwa akiuza mapazia. Ukimwekea rangi ya maziwa na rangi ya krimu juu ya meza moja, anakuuliza kwa nini umeleta makopo mawili ya kitu kimoja. Lakini ana suti, na anajua kucheka na wateja, na mdogo wangu akimtazama macho yanamlegea. Ndiyo hivyo. Tukawa na bosi.

Kazi ya rangi ina adabu yake. Asubuhi unaanza na nyeupe, unashuka kwenye maziwa, manjano, nyekundu, kahawia, unamalizia na nyeusi. Ukishuka hivyo huna haja ya kuosha tangi kila mara, maana tone la nyeupe likiingia kwenye manjano halimuumizi mtu, lakini tone la nyeusi likiingia kwenye nyeupe umekula hasara ya siku nzima. Unaosha jioni. Na maji ya kuoshea hayamwagwi. Yanatiwa kwenye mapipa nyuma ya karakana, yanatulia, halafu yanakorogewa rangi ya kijivu ya kupaka chini, ile isiyotazamwa na mtu kwa sababu inafunikwa na rangi nyingine.

Utaratibu huo tuliachiwa na baba, na msije mkamvisha kilemba cha ukoka mkasema alipenda mazingira. Baba hakupenda mazingira. Baba alipenda rangi yake. Aliamini kwamba rangi ni jasho la mtu, na anayemwaga jasho la mtu bure, siku moja litamrudia. Aliliamini hilo kabisa, kama wengine wanavyoamini mashetani. Ukisuuza brashi kwenye bomba lililo wazi alikukata jicho ambalo lilikufuata mpaka kitandani.

Mimi imani yake sikuirithi yote. Sababu yangu mimi ni nyingine, na ninalala nayo kitanda kimoja. Mume wangu ana kitalu cha miche.

Kitalu kiko bondeni, chini ya karakana, mahali mtaro wetu unapopita. Pembeni ya mtaro amechimba dimbwi, maji yanaingia, yanatulia, pampu inayavuta na kuyanyunyiza juu ya miche. Ana maua, ana miti ya kivuli, lakini fahari yake ni michungwa ya kupandikiza. Anachukua kijiti cha mchungwa mtamu, anakichomeka kwenye shina la mlimao mkali, anakifunga utepe, anakaa anakisubiri kwa majuma. Vingine vinakauka. Vinavyoshika anavijua kimoja kimoja. Tulipooana watu walisema yeye kapata redio na mimi nimepata ukuta, na hawakukosea sana. Ni mtu wa maneno machache na hana makuu. Katika watu wote nitakaowasimulia hapa, yeye ndiye pekee nisiyemdharau.

Basi kwa ajili yake nilijaza mapipa, nikatia na dawa ya kuzuia maji yasivunde, nikafunika. Sikuandika kitu juu ya mapipa. Shemeji sikumweleza. Angeuliza, ningemjibu. Hakuuliza, kwa sababu nyuma kule hafiki. Anaogopea viatu vyake.

Sasa bwana mkubwa kaokoka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa taa iliyokuwa juu ya meza yangu ya kulinganishia rangi, eti tunapunguza umeme. Mimi nalinganisha rangi gizani kama popo, huku kiyoyozi cha ofisini kwake kinanguruma toka asubuhi hata akiwa hayupo. Kitu cha pili, alibandika ukutani Ahadi ya Kijani. Kila ukuta. Karatasi zimevalishwa plastiki zisichafuke. "Mimi ni rafiki wa dunia. Sitatupa. Sitaharibu. Nitakuwa mfano." Hata chooni ipo, unaisoma ukiwa umechuchumaa.

Kitu cha tatu ni fulana. Za kijani, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Siku ya kuzigawa, uwanja mzima ukajaa mifuko inapeperuka, na mfagiaji wetu akiikimbiza kama anakimbiza kuku.

Huyu mfagiaji naye ana imani yake. Yeye anaamini uchafu ni aibu, na aibu kubwa kuliko zote ni ya kuonwa na mgeni. Akisikia hodi tu, kabla hajaitika, keshaangalia sakafu. Nilimwona siku moja akiacha chai yake ipoe ili afute alama ya kiatu cha mtu wa kusoma mita, na mtu mwenyewe bado amesimama juu yake. Uchafu unakwenda wapi akishaufagia, hilo halimhusu. Ukishatoka machoni umekwisha.

Na mdogo wangu anaamini picha. Kitu kisichopigwa picha kwake hakijatokea.

Hao ndio waokozi wa dunia niliopewa.

Siku moja shemeji akatuita uwanjani. Kapanda juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono nyuma.

"Ndugu zangu, nina habari njema. Wageni wa ofisi ya mazingira wanakuja kutukagua. Tukifaulu, tunapewa Cheti cha Kijani. Hakuna karakana yoyote ya rangi hapa mjini yenye hicho cheti. Hakuna!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga chafya.

"Na siku hiyo," akaendelea, "tutapanda miti pale getini. Kila mgeni na mche wake. Miche itatoka kwa shemeji yetu wa bondeni. Tunainuana sisi kwa sisi, au siyo dada?"

"Ndiyo, shemeji," nikasema. Hapo tu alinigusa. Si kwamba nilimheshimu, lakini nilijua nikifika nyumbani nina kitu cha kusema ambacho mume wangu atakipenda.

Na kweli alikipenda. Kwanza alifuta kisu cha kupandikizia kwenye suruali. Halafu akauliza, "Hao wageni, wanajua miti?"

"Si ndiyo kazi yao?"

"Basi nitawapa michungwa. Wakiona pale nilipounganisha, watajua."

Alikuwa hajawahi kuonwa na mtu anayejua. Wateja wake huuliza kama mche utafika ukubwa wa kivuli, basi, wanaondoka. Kuanzia siku ile alianza kuchagua. Mche huu una jani moja lililojikunja, anauweka nyuma. Huu umenyooka, anausogeza mbele. Usiku akanieleza, bila kuulizwa, jinsi kovu la mpandikizo linavyoziba vizuri mpaka mtu asiyejua adhani mti ulizaliwa hivyo. Mume wangu, kusema maneno yote yale kwa mfululizo! Nilimsikiliza nikiwa nimefurahi mpaka nikaona haya.

Ikafika siku ya kuamkia ugeni. Asubuhi, nikiwa navaa aproni nianze na nyeupe, shemeji akaja mpaka kwenye matangi. Kavaa fulana ya kijani juu ya shati la mikono mirefu na tai.

"Dada, leo unaanza na kijani."

"Kijani inakuja katikati, shemeji. Nyeupe ina oda."

"Nataka wageni kesho wakiingia wakute tangi la kijani linazunguka. Ni alama. Unaelewa alama?"

"Naelewa kuosha. Nikianza na kijani halafu nirudi kwenye nyeupe, nitaosha tangi mara mbili. Maji yote hayo kwa sababu ya alama?"

Akacheka kile kicheko chake cha kuuzia mapazia, akageukia watu. Maana watu walishaanza kusogea. Ugomvi wa ndugu hauhitaji mwaliko.

"Mnaona? Hiki ndicho walichotufundisha semina. Kuna watu wagumu kubadilika. Dada, hebu tusomee Ahadi pale ukutani, kwa sauti. Wewe ndiye mkubwa, uwe mfano."

"Sisomi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi si mtoto wa chekechea."

Kicheko kikatoka kwa mtu mmoja, kikazimwa. Shemeji akanywea kidogo, halafu akajikaza. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, na mwanamume akitazamwa na mkewe hakubali kushindwa na shemeji.

"Dada," akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayekupapasa kabla ya kukuchoma sindano, "watu kama wewe ndio mnaoiharibu hii dunia."

Mimi! Mimi ambaye naviringisha mapipa ya maji machafu toka yeye akiwa anapima madirisha ya watu! Nilimwangalia kuanzia kwenye tai mpaka kwenye viatu, nikarudi juu. Ningeweza kusema. Ningeweza kumshika mkono nikampeleka nyuma, nikafungua pipa moja, nikamwambia angalia, hii ndiyo hiyo dunia yako, ndani ya pipa. Lakini nilijiuliza, nimweleze nani? Huyu? Kumpa maelezo ingekuwa kumpa heshima, na heshima yangu siigawi kama fulana. Nikavua aproni, nikaitundika.

"Fanyeni mnavyojua," nikasema.

Nilikuwa bado navaa viatu vyangu vya nyumbani mfagiaji aliponijia mbio, ufagio mkononi, jasho linamtiririka.

"Mama, samahani. Bosi kasema kila kitu king'ae, mbele mpaka nyuma. Sasa yale mapipa ya kule nyuma, yale machafu yenye ukoko juu, tuyafanyeje?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa. "Kamuulize bosi wako. Si ndiye anayejua mazingira?"

"Haya, mama."

Akaenda. Mimi nikaondoka, na nilipopita getini niliona mashimo ya miti yameshachimbwa, yamenyooka kwenye mstari. Nikatema mate pembeni.

Jioni hiyo nyumbani nilizungumza peke yangu kwa sauti mpaka sufuria zikachoka kunisikiliza. Nilimwiga shemeji anavyotembea. Nilimwiga anavyosema "alama". Mume wangu alikuwa amekaa chini anakata vipande vya kamba vya kufungia miche kwenye mkokoteni, anaitikia "mmh" pale panapostahili. Nilianza na semina, nikaja kwenye taa, nikaja kwenye fulana, nikaja kwenye Ahadi ya chooni, nikamaliza na yale maneno, watu kama wewe ndio mnaoiharibu hii dunia.

"Pole," akasema mume wangu.

"Pole ya nini? Mtu mwenyewe wa kudharau tu!"

"Kama ni wa kudharau, mbona umemkalisha hapa jioni nzima?"

Nikamwambia anyamaze, akanyamaza. Kesho yake akaamka kabla hapajapambazuka. Nilimsikia akivaa gizani, akijikwaa kwenye ndoo, akicheka kidogo peke yake. Alikuwa na mpango: awashe pampu inyunyize miche ikae na umande, na wakati inanyunyiza yeye aende kwa jirani akaazime mkokoteni. Miche iliyonyweshwa asubuhi inafika imesimama wima.

Mimi nilikwenda karakana saa za kawaida, na gauni langu la kawaida. Lazima niseme ukweli, palikuwa pamepigwa pasi. Sakafu inateleza. Matangi yamefutwa nje mpaka unajiona uso. Wafanyakazi wamepangwa na fulana zao kama miwa ya kuuza. Wageni wakashuka garini: mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na vijana wawili wa kubeba makaratasi. Mdogo wangu akapiga picha mlango wa gari ukifunguliwa, akapiga ukifungwa.

Yule mama nilimpenda kidogo mwanzoni, kwa sababu aliipita Ahadi ya Kijani bila kuisoma. Akafika kwenye matangi, akavaa miwani, akauliza swali la maana.

"Mkiosha haya matangi, maji mnayapeleka wapi?"

Shemeji akatabasamu. "Mama, hapa hatuna maji machafu. Karibu ujionee mwenyewe."

Akatuongoza nyuma. Nyuma! Yeye, na viatu vyake. Nikafuata, na nilipokata kona nikaona uwanja mweupe pe, umesuguliwa mpaka saruji inatoa rangi yake ya ujana. Na mapipa yangu yamepangwa ukutani, yameinamishwa midomo chini, yanang'aa ndani na nje.

Mfagiaji alikuwa amesimama kando yake, kifua mbele. Sijawahi kuona mtu mwenye fahari namna ile.

"Pasafi sana," akasema yule mama, akavua miwani. "Hongereni." Kijana mmoja akaandika. Uchafu haukuonekana, kwa hiyo haupo. Nao wamesomea hiyo.

Nilitazama saruji, nikatazama pale inapoinamia, nikaona mstari mwembamba wa kijivu ulioshuka kwenye mtaro na kukauka. Maji ya miezi, yaliyotulia na kuwa mazito kama uji, pamoja na dawa yangu mwenyewe ya kuzuia uvundo, yote kwa mpigo mmoja. Kama tungekuwa tunamwaga kidogo kidogo kila siku kama washenzi, mvua ingeyachukua. Sisi tulikusanya.

Sikuaga. Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu hakimbii ovyo mbele ya wageni, na nilimsikia shemeji nyuma yangu akisema, "Huyo ni dada yetu, ana shughuli kidogo."

Pampu ilikuwa imezimwa. Mume wangu amesimama katikati ya kitalu, mikono imening'inia, na mkokoteni wa kuazima uko nyuma yake na kamba zake tayari. Miche yote ilikuwa ya kijivu. Si kwamba imechafuka, imepakwa. Rangi nzuri, iliyoshika sawasawa, kwenye jani juu na pembeni, kazi safi kuliko mafundi wengi ninaowajua. Jua lilishaanza kuikausha. Udongo kwenye vifuko ulikuwa umefunga juu kama sakafu. Maji yasingepita tena hapo wala hewa.

"Nilikwenda kuchukua mkokoteni," akasema. "Nimerudi nimekuta hivi."

"Ni yule mjinga," nikasema. Mdomo wangu ulitangulia, kama kawaida yake. "Ni shemeji! Amemwaga mapipa yote ili wageni waone pasafi. Si nilikwambia? Mtu hajui kitu, anapewa karakana! Na yule mwenda wazimu wa ufagio! Na mdogo wangu na simu yake! Kila siku nasema, kila siku..."

Mume wangu alikuwa akijaribu kubandua utando kwenye jani kwa ukucha. Ulitoka pamoja na jani.

Wakati huohuo mfagiaji akaja anateremka, fulana yake ya kijani inang'aa. "Shemeji wa bondeni, bosi anauliza miche iko wapi, wageni wanasubiri..." Akaona. Ufagio ukamdondoka. "Jamani! Miche imefanya nini?"

"Imekunywa mapipa yako," nikamwambia. "Unafurahi sasa? Umeng'arisha?"

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Akamgeukia mume wangu, si mimi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mimi sikujua, baba. Wallahi sikujua. Nilimuuliza mama jana, haya mapipa tuyafanyeje. Akasema nimuulize bosi. Nikamuuliza bosi, akasema kama ni machafu toa. Mimi niliuliza."

"Sawa," mume wangu akamwambia. "Nenda. Mwambie hakuna miche."

Akapanda kilima analia. Mume wangu hakunitazama. Alianza kuvuta vifuko kimoja kimoja kutoka kwenye safu, ile safu ya mbele, anavipanga kando.

Juu getini sherehe iliendelea, tulisikia makofi. Baadaye mdogo wangu alinisimulia bila haya hata kidogo. Waliposikia hakuna miche, shemeji alikwenda ofisini, akatoa lile ua la kwenye chungu linalokaa pembeni ya kompyuta, wakalisimamisha kwenye shimo la kwanza. Yule mama mwenye miwani akashika koleo, picha ikapigwa. Wakalihamishia shimo la pili, kijana akashika koleo, picha ikapigwa. Walipomaliza mashimo yote ua likarudishwa ofisini, kwa sababu halipendi jua. Cheti walipewa palepale. Kimetundikwa juu ya kiti cha baba.

Ningeweza kuwacheka mpaka kesho. Siku nyingine ningewacheka.

Lakini pale bondeni nilichota ndoo ya maji safi kutoka bomba la jirani, nikachukua kitambaa, nikachuchumaa kwenye mchungwa mmoja nianze kufuta. Mume wangu akaniambia bila kugeuka, "Acha. Mizizi imeshakunywa."

"Labda hii ya nyuma..."

"Acha."

Nikaacha. Nikakaa na kitambaa changu. Nilitaka anigombeze. Mimi kugombezwa nakuweza, nina majibu ya miaka ijayo nimeyaweka tayari. Nilikuwa nimeshalipanga jibu kabisa: kwamba kuuliza aliulizwa bosi mwenyewe, kwamba aliyesema "toa" si mimi, kwamba mimi ndiye niliyeyakusanya maji yale kwa ajili yake miaka yote hii bila kuambiwa asante na mtu. Yote ni kweli. Hakuna neno la uongo hapo.

Akanyanyua mche mmoja, ule ulionyooka kuliko yote, akautazama pale alipounganisha. Kovu lilikuwa limefunikwa na rangi, huwezi kuliona tena hata ukijua.

"Alipokuuliza," akasema, "yule mfagiaji. Kabla hujamwambia akamuulize bosi. Ulinifikiria?"

Aliuliza kwa utulivu, kama anavyouliza chumvi. Alikuwa anataka kujua tu. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mtu yeyote, kumdanganya nikashindwa.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa namfikiria shemeji."

Akaitikia kwa kichwa. Akauweka ule mche juu ya rundo pamoja na mingine, akaenda kuchukua koleo.